Mvua Iliyonukia Sabuni

Wamalwa alirudi nyumbani Ruiru asubuhi, amechoka, akitoka shifti ya usiku katika kiwanda cha Thika. Kabla hata ya kuvua viatu, alikwenda nyuma ya nyumba kusoma kipimamvua. Hicho ni chombo kirefu chenye mistari, cha kukusanya maji ya mvua. Alipewa na hifadhi ya kinamasi iliyo kando ya mto. Majirani wengine walipewa pia. Kila asubuhi walituma vipimo kwa simu, ili hifadhi ijue jinsi mvua inavyobadilika, na iwaonye watu wa bondeni mto unapokaribia kufurika.

"Haki ya Mungu, kimejaa tena!" alisema.

Mkewe, Akello, alichungulia dirishani. "Kimejaa nini? Usiku kulikuwa na manyunyu tu."

"Wewe ulikuwa umelala. Chombo hakilali."

Akampigia simu Apiyo, dada mkubwa wa Akello, aliyeishi bondeni na watoto wake, karibu kabisa na mto.

"Shemeji, hameni! Mvua ni kubwa!"

"Wewe Wamalwa, usiniudhi! Juzi uliniambia hivyo hivyo. Nikabeba godoro mpaka kanisani, watoto wanalia, kumbe jua linawaka. Mimi sihami tena. Hata ukisema bahari inakuja!"

Akakata simu. Wamalwa alichemka. Akello naye alichemka zaidi, maana huyo ni dada yake. Siku mvua ya kweli ikija, Apiyo atamsikiliza nani?

Kabla chai haijapoa, aliingia Warigia, mfanyakazi wa hifadhi. Alipewa kiti, hakuketi.

"Wamalwa, wenzako wote wametuma manyunyu. Wewe peke yako unatuma mafuriko. Sasa mimi nimwamini nani?"

"Kwani mimi ni mwongo?"

"Hebu nione hicho chombo."

Wakaenda nyuma ya nyumba. Warigia aliinama, akanusa maji.

"Mvua ya kwenu siku hizi inanukia sabuni?"

Akatazama juu. Wote wakatazama juu. Kwenye kamba ya nguo, ovaroli ya Wamalwa ilikuwa bado inadondosha maji ndani ya kipimamvua. Siku zote hizo hakuna aliyeinua shingo.

"Ngai!" alisema Warigia. "Hii mvua yenu iko na vifungo!"

"Mimi nafua usiku kwa sababu maji ya mfereji yanakuja usiku," alisema Akello. "Na nilikwambia ni manyunyu. Si nilikwambia?"

"Nilikiweka ukutani watoto wasikipige teke," Wamalwa alijitetea.

"Basi kizungushie waya," alisema Warigia. "Lakini kiweke mahali wazi, mbali na ukuta, paa, miti na kamba. Kisimame wima. Soma kila asubuhi saa ile ile, kisha mwaga maji. Kama hakuna mvua, tuma sifuri. Sifuri pia ni habari. Na mama watoto akikwambia ni manyunyu, msikilize."

Wamalwa alinuna, lakini jioni hiyo alikihamisha.

Mvua za masika zikaanza. Asubuhi moja kipimamvua kilifurika. Ujumbe wa Warigia nao ukaingia: vipimo vya kila mtu viko juu, watu wa bondeni waondoke. Wamalwa alimpigia Apiyo.

"Tena?" alifoka Apiyo.

Wamalwa alimeza aibu. "Shemeji, zile siku nyingine nilikosea. Nilipima maji ya nguo zangu. Leo ni mvua, na wenzangu wote wamepata hivyo hivyo. Tafadhali."

Apiyo akaangua kicheko. "Nguo zako! Wewe ni mtu bure kabisa. Haya, nachukua watoto."

Maji yalipopungua, walikwenda pamoja kutazama chumba cha Apiyo. Mstari wa matope ulikuwa umechorwa ukutani, juu zaidi ya kitanda anacholalia mtoto wake mdogo. Apiyo aliuwekea mkono.

"Shemeji," alisema, "na kesho asubuhi usichelewe kupima."