Hapakuwa na Pingamizi

Ijumaa hiyo Mlandege palikuwa hapapitiki. Wanawake walikuwa wakivutana na bei za vitambaa vya sikukuu, pikipiki zinapiga honi hata pasipo na kitu mbele yao, na katikati ya vurumai hiyo kijana mmoja akajitosa kwenye duka la vifungo huku ameishika kanzu yake kifuani kama mtu aliyechomwa kisu.

"Asalamu alaikum. Nistiri, dada. Kifungo cha juu kimekatika na adhana ishapigwa."

Tamima akainua macho kutoka kwenye kisanduku cha zipu. Kijana alikuwa mrefu, kanzu ya rangi ya maziwa, kofia ya kushonwa kwa mkono, na harufu ya udi ilikuwa imeshamtangulia hadi kwenye kaunta.

"Waalaikumu salaam. Kimekatika, au umekikata upate sababu ya kuingia?"

"Wallahi kimekatika."

Alimtafutia kifungo kinachofanana na vingine, akachomoa sindano aliyozoea kuichomeka begani mwa buibui lake, akaitia uzi na kumpa.

"Mbona wanipa mie? Nishonee basi."

"Shona mwenyewe. Kwani mie mkeo?"

"Bado," akasema kijana, na Tamima akacheka mpaka mtandio ukamteleza.

Aliitwa Zahran. Kutoka siku hiyo vifungo vyake vikawa vinakatika kila wiki.

Aliyeona yote hayo bila kusema neno ni Mzee Msabah, baba yake Tamima, kwenye kiti chake cha magurudumu kando ya mlango. Duka alilifungua yeye kabla binti hajazaliwa. Miaka miwili nyuma kiharusi kilimchukua mkono mmoja na ulimi wote, na tangu hapo alisema kwa vidole: akimbinya Tamima mara moja, ndiyo, mara mbili, siyo. Daktari alitaka alazwe ndani apumzike. Lakini siku moja tu ya kulazwa ndani mzee alikataa hata uji, na aliporudishwa dukani akala. Kuwatazama wateja wakiingia na kutoka ndiyo iliyokuwa dawa yake, na Tamima alilijua hilo kuliko daktari.

Zahran hakuficha kazi yake. Alikuwa karani kwenye ofisi ya mradi wa kituo kipya cha mabasi, na njia ya kuingilia mabasi ilichorwa ipite juu ya safu yao ya maduka kumi na moja. Wenye maduka waliandika barua: njia igeuzwe, ipite kwenye ghala bovu lililofungwa nyuma, na hakuna atakayeumia. Wakamchagua Tamima aisome kwenye mkutano wa wananchi, kwa kuwa anasoma vizuri na hamwogopi mtu.

Siku moja kabla ya mkutano, baada ya alasiri, Zahran akapiga simu.

"Umekula, roho yangu?"

"Nshakula. Nnaisoma barua, mara ya tano sasa. Kesho utanisikia."

Zahran akashusha sauti. "Tamima, usiisome."

"Ati nini?"

"Wanaosimama kupinga wanaandikwa majina. Nnawajua wakubwa zangu. Nipe mie hiyo barua, nitaiambatanisha na kumbukumbu za mkutano, wataisoma ofisini bila ya hasira. Weye kaa tu, nyamaza."

"Na wenzangu nitawaambia nini?"

"Kwamba ishafika. Si itakuwa ishafika? Habibty, nnakuogopea wewe. Niamini."

Alimwamini. Alikuwa anampenda, basi, na mtu akipenda hupenda na kuamini. Kabla ya magharibi barua ilikuwa mkononi mwa Zahran.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa skuli, feni mbili, moja mbovu. Wanaume mbele, wanawake nyuma, na kiti cha Mzee Msabah kikawekwa mlangoni pembeni ya binti yake. Mwenyekiti aliusifu mradi kwa muda wa saa nzima. Kisha akauliza, "Kuna mwenye pingamizi?"

Watu wa safu yao wakageuza shingo kumtazama Tamima. Kule meza ya mbele Zahran aliinamia karatasi yake, kalamu mkononi. Mzee Msabah akambinya binti yake vidole mara mbili. Akambinya tena, mara mbili, akimsukuma asimame, kwa nguvu asizokuwa nazo.

Tamima akatazama sakafu.

"Alhamdulillahi," akasema mwenyekiti. "Tumekubaliana."

Wiki tatu baadaye kila mlango wa safu ulikuwa na alama ya X ya rangi nyekundu. Bashira, jirani yao muuza kanga, aliingia na karatasi aliyoibandua kwenye ubao wa matangazo wa sheha, mkuu wa mtaa.

"Hebu nisomee mwanangu, labda macho yangu yananidanganya."

Tamima akasoma. Mradi uliwasilishwa kwa wananchi. Hapakuwa na pingamizi. Barua haikutajwa popote. Chini kabisa ilikuwapo sahihi ya mwandishi, yenye mkia mrefu, ileile aliyoizoea kwenye vikaratasi vya mapenzi alivyokuwa akiletewa ndani ya bahasha za vifungo.

"Sisi tulikutuma useme," akasema Bashira, akatoka.

Tamima akampigia simu Zahran. "Barua iko wapi?"

"Mkubwa kaitoa. Kasema haikusomwa mkutanini, kwa hivyo haimo."

"Na weye ukatia sahihi."

"Ningefanyaje? Ningefukuzwa. Lakini nisikilize, nshakupatieni duka la mbele kabisa, kule Fumba, nje ya mji. Nimelipigania! Na wazee wangu wanakuja kwenu kuposa. Yote haya nnayafanya kwa ajili yako."

"Baba hamjui mtu Fumba."

"Atawajua."

Tamima akakata simu. Kilichomuuma zaidi ni kwamba Zahran hakuwa akidanganya: alidhani kweli kuwa amemwokoa.

Duka lilivunjwa Jumatatu. Mzee Msabah alitaka kutazama, akatazama mpaka kijiko cha tingatinga kiliposukuma kaunta yake barabarani. Kutoka siku hiyo vidole vyake vilikaa tu mkononi mwa Tamima, havisemi ndiyo wala siyo. Uji alilishwa kwa kubembelezwa.

Alhamisi wazee wa Zahran wakaja kuposa. Walikaa sebuleni na kanzu zao nyeupe, kahawa na halua mbele yao. Bi Kawthar, dada yake Mzee Msabah, akaingia chumbani kumuuliza mwari, kama desturi ilivyo.

"Mwanangu, wamekuja kukuposea Zahran. Unasemaje?"

Tamima alikuwa amevaa dera la kijani alilolishona mwenyewe kwa ajili ya siku hii, wakati siku hii bado ilikuwa na furaha. Alimpenda mtu yule. Machozi yakamjaa kabla hajajibu. Bi Kawthar akatabasamu. Msichana akinyamaza ameridhia, haya zimemshika, ndivyo walivyoolewa wote. Akainuka, akajifunga vizuri mtandio, tayari kwenda kupiga vigelegele.

"Shangazi, ngoja. Sijanyamaza."

Akasimama, akaenda hadi kwenye pazia, na kwa sauti ile ambayo safu nzima ilikuwa imemchagulia, akasema, "Sitaki. Waambieni nimesema mwenyewe, kwa mdomo wangu. Sitaki."

Sebuleni kikombe kikagonga sahani.

Kabla wageni hawajamaliza kuvaa viatu, simu ikalia.

"Tamima, ni kweli umesema wewe?"

"Naam. Mie."

"Ungenyamaza tu, habibty. Kila kitu kilikuwa tayari."

"Na siku ile ya mkutano pia kilikuwa tayari, Zahran."

Tamima alilia, hakujificha. Kisha akaenda kukaa karibu na baba yake, akautia mkono wake ndani ya ule mkono mzima.

"Nimefanya sawa, baba?"

Akangoja. Vidole havikubinya, si mara moja wala mara mbili, na Tamima hakukihesabu kimya hicho kuwa ndiyo.