Kaushu Nzito ya Mignonne

Kule Musonoi, mchimbaji hupima jiwe kwa kiganja. Likiwa zito, lina madini. Likiwa jepesi, tupa kule. Ndivyo Tata Mbayo alivyomfundisha mwanawe Mechack, kabla shimo halijamwangukia. Aliacha mjane, watoto wawili na raketi yake ya ping-pong. Sasa Mechack ndiye anayechimba, na dada yake Mignonne ndiye anayecheza na raketi ile.

Kaushu yake, yaani ile ngozi inayobandikwa juu ya ubao, ilikuwa imechakaa. Mechack akaenda mjini kununua nyingine. Alizipima kiganjani, moja moja. Akachukua nzito kuliko zote.

"Aksanti sana, yaya," Mignonne alimwambia kaka yake.

Lakini tangu hapo kila mpira wake uliishia wavuni. Jumamosi, katika ukumbi wa parokia, mwenzake Gloire alimcheka, akimfananisha na mpishi wa ugali:

"We Mignonne, unapiga mupira ao unakoroga bukari?"

Mama Honorine, mwalimu wao wa mchezo, hakucheka. "Mutoto, ukiendelea hivi, ku mechi ya kesho nitaweka mwingine. Juu ya nini hausemi kitu?"

"Nitasema nini, mama? Yaya alinunua hii na jasho ya shimo."

Mechack alikuwa mlangoni, vumbi mwilini. Maneno yale yalimchoma. Akaingia.

"Mama, mi njo nilichagua. Lakini iko muzuri. Iko nzito!"

"Kitendawili, kijana. Mutoto wa bazazi babili: uso inashika, tumbo inaruka."

"Nimeshindwa, mama."

"Jibu njo hii kaushu. Banaiita ibridi, ni kusema muchanganyiko. Uso inanata, inazungusha mupira. Chini kuko sponji ya kurusha. Lakini haziko sawa zote. Sponji ya hii iko ngumu. Inaomba mutu anasimama nyuma kidogo, anapiga na mukono muzima, kama Gloire. Ukipiga pole, sponji inalala. Mignonne anasimama karibu na meza, anazuia, anarudisha mbio. Yeye anaomba sponji laini, na uso isinate sana."

"Na ule anarudi mbali, anakata mupira chini-chini?" Mechack aliuliza.

"Ule anaomba sponji nyembamba. Kila mutu na yake."

Gloire alikuwa na ile laini, na raketi zao zilikuwa saizi moja. Zingeweza kubanduliwa polepole na kubandikwa tena. Mechack akaitazama zawadi yake. Ampe yule aliyemcheka dada yake?

"Na raketi ya Tata?" aliuliza.

"Ubao inabakia. Ngozi tu njo inabadilika."

Mechack akaisogeza raketi mbele ya Mama Honorine. "Basi, toeni."

Mama Honorine alizibandua kaushu zote mbili, akazibadilisha, kisha akapangusa kila moja kwa kitambaa chenye maji kidogo. "Vumbi ya huku inaziba uso, haishike tena. Ukimaliza kucheza, pangusa, funika na nailoni."

Kesho yake Mignonne alisimama karibu na meza, akazuia, akarudisha, akashinda. Gloire naye akashinda. Akamjia Mechack, macho chini.

"Yaya, kaushu yako iko na nguvu kweli. Unisamehe juu ya ile ya bukari."

Mechack aliitikia kwa kichwa. Akaichukua raketi ya baba yake, akaipima kiganjani kwa mazoea. Ilikuwa nyepesi. Akaipangusa, akaifunika nailoni, akamrudishia dada yake kwa mikono miwili.