Kalsiamu Haimezwi kwa Mkupuo

Sindano ilimponyoka tena. Fundi akainama, akaipapasa chini ya cherehani, akasonya. Ilikuwa asubuhi tu, lakini vidole vyake vilikuwa vimeshamchosha. Vilikufa ganzi kama si vyake.

"Umemeza dawa, mke wangu?" mume wake akauliza kutoka mlangoni.

"Nimemeza! Nikwambie mara ngapi?"

"Nauliza tu."

"Jana uliuliza. Juzi uliuliza. Kesho utauliza tena!"

Mwaka uliopita Fundi alifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula. Unene ulikuwa umemzidi, na magoti yalimuuma. Upasuaji ulimsaidia. Alipungua, akaweza kupanda ngazi bila kuhema. Lakini sasa misuli ya miguu ilimkaza, na vidole havikushika sindano. Fundi asiyeshika sindano ni fundi gani? Hilo lilimnyima raha kabisa, maana kushona ndiyo kazi pekee aliyoijua na kuipenda.

Na nyumbani kila mtu alikuwa daktari. Wifi yake alikaa pembeni akichambua mboga.

"Mimi nilisema," wifi akaanza. "Tumbo halikatwikatwi."

"Nilipokuwa siwezi kuinama nifunge viatu, ulikuwa wapi?"

"Basi uza cherehani, upumzike."

Fundi alipandwa na hasira. Kabla hajajibu, mteja akaingia. Alikuwa nesi wa kituo cha afya cha jirani, amekuja kujaribu sare yake. Akaivaa. Mkono mmoja wa nguo ulifunika kiganja. Wa pili uliishia karibu na kiwiko.

"Fundi, mikono yangu inalingana, au hujaiona?"

Fundi akaketi. Machozi yalimlenga. "Mkasi uliniteleza. Vidole vimekufa ganzi. Nesi, nimechoka! Dawa zote nilizoandikiwa nameza, na sioni faida."

"Unazimezaje?"

"Kwa mkupuo. Kalsiamu ya kutwa nzima, pamoja na vidonge vya madini ya chuma. Nikimaliza, nashika kazi zangu."

Alisema kwa fahari kidogo. Ndivyo alivyofanya kila kitu. Nguo zote alizikata asubuhi, vifungo vyote alivishona jioni. Viporo hakuvitaka.

Nesi akashika kichwa. "Hawakukuambia uzigawe?"

"Waliniambia mengi. Mimi siku hiyo nilitaka kwenda nyumbani tu."

"Haya, nijibu. Ukipanga vitambaa kumi chini ya sindano, itapita?"

"Itavunjika."

"Na mwili nao hauwezi kupokea kalsiamu nyingi kwa mara moja. Inayozidi unaipeleka chooni. Igawe: asubuhi, mchana na jioni. Usiimeze pamoja na madini ya chuma, maana yanazuiana. Yaachanishe kwa saa mbili au zaidi. Na vitamini D usiiache. Hiyo ndiyo inayousaidia mwili kuipokea kalsiamu."

"Na kalsiamu ikipungua?"

"Mwili unaichukua kwenye mifupa yako. Mifupa inadhoofika. Siku moja unajikwaa kidogo tu, mguu unavunjika."

Wifi akaacha kuchambua mboga.

Nesi akachukua kopo la dawa lililokuwa kando ya cherehani, akalisoma. "Na hizi ni kalsiamu ya kabonati. Zinahitaji asidi ya tumboni, na baada ya upasuaji wako asidi imepungua. Tumuulize daktari kuhusu kalsiamu ya aina ya sitreti, isiyotegemea asidi hiyo. Twende ukapimwe damu. Ganzi ina sababu nyingi, tusibahatishe."

"Leo? Na kazi zote hizi?"

"Fundi! Leo!"

Wakaenda. Vipimo vilionyesha kalsiamu na vitamini D viko chini. Daktari akambadilishia vidonge, akampangia kiasi cha kila mara.

Kugawa dawa kulimkera Fundi kupita maelezo. Aliweka kengele kwenye simu, na kila ilipolia alisonya. Lakini alimeza. Alikula pia mtindi, mboga za majani, na samaki wadogo wanaotafunwa na miba yao. Wifi ndiye aliyekwenda sokoni kuwanunua, tena bila kutumwa.

Taratibu ganzi ikaisha. Miguu ikaacha kukaza. Nesi akashonewa sare nyingine, mikono sawasawa, na vipimo vya marudio vikawa vizuri. Mume wa Fundi akafurahi sana.

"Umepona sasa," akasema. "Hizi dawa tunaziacha lini?"

Fundi akaweka mkasi mezani. "Haziachwi. Tumbo langu halitarudi kuwa la zamani. Nitameza na nitapimwa maisha yangu yote."

"Maisha yote? Huoni ni mzigo?"

"Mume wangu, na wewe kula utaacha lini?"

Mume akaenda kumletea maji ya kumezea.