Mstari wa Nusu Lita

Ngumi ya kwanza aliikwepa. Ya pili ilitua puani, akasikia kitu kikikatika kama kuni kavu.

Ugomvi wenyewe wa kijinga. Mbeba mizigo wa sokoni alikuwa amemkanyagia roli lake la nailoni kwa buti za matope, na yeye, kijana mshona maturubai ya malori ambaye mtaa mzima ulimwita Turubai, mdomo wake ulikuwa mrefu kuliko mikono. Akamwita jamaa ng'ombe. Sasa walikuwa wanagaragazana katikati ya maduka ya plastiki, ndoo zinaruka, watu wameweka duara.

"Mwongeze huyo," mmoja alisema, anatafuna.

Ndipo mwanamke mmoja akapenya. Gauni jeupe la kazini, kalamu tatu mfukoni, kilemba chekundu, miguuni malapa. Hakupiga kelele. Aliokota sufuria, akamtwanga nayo mbeba mizigo kisogoni mpaka akakaa chini, halafu akamgeukia Turubai akambana pua kwa vidole viwili.

"Inamisha kichwa mbele. Mbele, sio nyuma. Pumua kwa mdomo."

"Nakufa, dada."

"Hufi. Unadhani umetokwa damu kiasi gani?"

Turubai akalitazama shati lake. Jekundu lote. "Ndoo nzima."

"Vijiko vitatu."

"Wewe nani, mchawi?"

"Mkunga. Na hata mimi huwa siwezi kukadiria, ndiyo shida yangu." Aliongea huku amembana vilevile. "Mama akishajifungua, damu inaingia kwenye shuka, kwenye godoro, sakafuni. Tunaangalia, tunasema ni kidogo. Tukija kushtuka, ameshapoa. Ikifika nusu lita nataka nijue palepale. Mifuko ya kupimia ipo, inatoka nje, hospitali yetu haiiwezi. Nimekuja kutafuta nailoni nijaribu mwenyewe."

"Unajua kushona?"

"Najua kushona watu."

Turubai akacheka, damu ikachuruzika upya, akabanwa tena.

Yakaanzia hapo. Mkunga alimletea vipimo vya kitanda cha kuzalia kwenye kipande cha karatasi, Turubai akakata nailoni nzito, akaunganisha kingo kwa pasi ya moto. Mfuko wenye mdomo mpana wa kuingia chini ya makalio ya mama, na tumbo la kuning'inia ukingoni mwa kitanda. Kila mfuko aliutundika msumarini, akamimina nusu lita ya maji kwa jagi, maji yakifika mahali anachora mstari mwekundu. Mifuko arobaini. Bei ya mmoja haikufika ya soda.

Simu nazo hazikuisha.

"Mkunga wangu."

"Wako tangu lini?"

"Tangu uniminye pua. Mwanaume akishaminywa pua hadharani hana soko tena."

"Kwa hiyo nimekuharibia maisha."

"Vibaya sana. Njoo Jumapili uniombe radhi."

Akaja Jumapili na gauni la njano lililomshika kiunoni. Turubai alipomwona mlangoni akapiga pasi kidole chake mwenyewe. Mkunga akakishika kile kidole, akakipuliza, na kupuliza kule kukahamia mdomoni. Mashine ya kushonea ikabaki imewashwa, inanguruma peke yake.

Jumanne mchana simu ililia.

"Ulipima au ulikisia?"

"Nini tena, mpenzi?"

"Mke wa Bucha. Damu ilikuwa haijafika kwenye mstari, tukasema bado ana nafasi. Akazimia mikononi mwangu. Nimeimwaga ile damu kwenye jagi, Turubai. Karibu lita nzima." Sauti ilikuwa inatetemeka, na sio kwa kilio. "Niambie ukweli. Ulipima kila mfuko, au ulichora kwa macho ukakimbilia kulewa?"

"Nilipima. Wote."

"Muongo."

"Nisikilize, mama..."

"Sina mtoto kama wewe. Ameongezwa chupa nne za damu na bado hajafumbua macho. Matroni kasema mifuko yote ichomwe leo jioni. Na mume wake ametoka hapa anakuulizia. Funga mlango."

Akakata.

Turubai hakufunga mlango. Alitundika msumarini mfuko mmoja aliobaki nao kati ya ile arobaini, akamimina nusu lita. Maji yakagusa mstari bila kuzidi. Akamwaga, akamimina tena. Yakagusa. Alikuwa bado ameushika mfuko pale mlango ulipong'oka bawaba.

Bucha alikuwa muuza nyama wa mtaa wa pili, bonge la mtu, aproni yake bado ina damu ya ng'ombe. Hakusalimia. Alichukua rula ya chuma mezani akamchapa nayo Turubai shingoni, mara mbili, akaitupa kwa sababu haikumtosha, akarudi kwenye ngumi. Alipiga teke mashine ya kushonea ikaanguka kwa uso. Alimnyanyua Turubai kwa kola. Turubai akadaka alichoweza kudaka, ule mfuko, ukaja naye, wakabwagwa wote juu ya meza ya kukatia. Ngumi ya mbavu. Ngumi ya mdomo. Jino likatoka.

"Mke wangu," Bucha alikuwa anasema kila akipiga. "Mke wangu."

Turubai akageuza kichwa kutema damu. Na hapo akauona. Mfuko ulikuwa umenasa chini ya kiuno chake, mdomo umetanuka, tumbo linaning'inia ukingoni mwa meza. Maji yalikuwa chini ya mstari. Chini kabisa.

Akaanza kucheka, meno mekundu.

Bucha akasita na ngumi hewani. "Umechanganyikiwa?"

"Labda yamemwagika. Hebu nipe jagi."

"Nitakuua."

"Baadaye. Sasa hivi lala hapa, tanua mapaja. Mimi nimevunjika mbavu, siwezi kulala na kumimina kwa mpigo. Unataka kujua nini kilitaka kukuulia mke, au unataka kunipiga tu?"

Bucha akashusha ngumi. Akapanda mezani. Meza ikalia.

Mkunga aliingia mbio, kilemba kimemfunguka shingoni, mkononi ameshika stendi ya dripu. Hakuangalia mara mbili, alimshushia Bucha stendi kichwani. Halafu ndiyo akaona: muuza nyama kalala chali, miguu huku na huku, analowa, na Turubai mwenye uso kama boga anammiminia maji kwa jagi chini ya makalio.

"Mnafanya nini?"

"Tunajifungua," alisema Turubai. "Njoo uone. Nusu lita hiyo, nimepima mara tatu. Vidole vitatu chini ya mstari wangu. Msumarini mfuko unajifinya, maji yanapanda. Mtu akiulalia unatanuka, maji yaleyale yanashuka. Nilipima, mpenzi. Ila nilipimia ukutani. Kitanda chenu sijawahi kukiona, wanaume hawaingii."

Mkunga akainama, akaweka vidole vyake mwenyewe. Vitatu. Stendi ikamtoka mkononi.

"Nilikuletea urefu na upana tu," alisema taratibu. "Sikukwambia mtu anakaaje. Halafu nikakuita muongo."

"Mke wangu je?" Bucha aliuliza, kashika kichwa.

"Ameamka sasa hivi. Ameuliza nani kafunga bucha."

Lile jitu likajifunika uso na aproni, likalia kwa kwikwi, meza ikitetemeka.

Pua ya Turubai ilikuwa imeanza tena. Mkunga akaibana.

"Umetokwa kiasi gani?"

"Ndoo."

"Vijiko vinne."

"Nikuoe," alisema Turubai, sauti ya puani.

Mkunga alimwachia, akachukua kalamu nyekundu akamwekea mkononi. "Chora kwanza. Mifuko thelathini na nane iko kwa matroni, ana kiberiti mezani. Twende na huu, tukampimie kwenye kitanda chake, na mimi ndiye nitakayelala."

Turubai akachora mstari mpya pale maji yalipofika. Mkunga akamwaga maji yote, akapima nusu lita upya, akamimina polepole huku Bucha amebana pumzi. Maji yakapanda, yakatulia. Yaligusa mstari.

Akayamwaga, akamimina mara ya pili. Yakagusa.

"Jumamosi niko zamu," alisema, anajifunga kilemba. "Nioe Jumapili."