Mabegi ya Mfadhili

Kila akitoka shuleni, Sindano alipitia kwenye kibanda cha shangazi yake, fundi cherehani aliyemlea yeye na dada yake. Jina hilo walimpa wenzake darasani kwa wembamba wake, naye hakulichukia, maana kazi yake ilikuwa ya sindano kweli: kushona vifungo, kukunja pindo na kupiga bandi, ule mshono wa muda ambao fundi huufumua kazi ikiisha.

Wiki hiyo walishughulikia mabegi ya timu ya netiboli ya shule, iliyokuwa ikienda kucheza nchi jirani. Aliyeyatoa zawadi ni mfanyabiashara ambaye mtaa mzima ulimwita Mfadhili. Alitaka kila begi litiwe bitana ya pili, yaani kitambaa cha ndani, na chini ifungwe kwa bandi.

"Bandi haidumu, baba," shangazi alimwambia.

"Wewe shona tu, mama. Mengine niachie mimi."

Shangazi akacheka, akashona bitana, bandi akamwachia Sindano.

Jioni ya kuamkia safari, dada, mfungaji wa timu, alirudi na begi lake jipya alilokabidhiwa na Mfadhili, akiringa nalo chumba kizima. Sindano alilipokea, akalipapasa chini. Bandi ile haikuwa yake. Yeye hutumia mkono wa kushoto, na mishono yake huinamia upande mmoja; hii iliinamia upande wa pili. Tena begi tupu lilikuwa zito.

"Shangazi, kuna mtu amefumua, akashona upya."

"Wewe nawe, hukosi la kusema," shangazi alijibu, lakini alichukua mkasi. Bitana ilipofunguka, vifurushi vya unga mweupe vilimdondokea mapajani.

Dada alikaa chini. "Dawa za kulevya! Ningekamatwa mimi," alisema, akaanza kulia.

Bitana ile aliishona shangazi, na polisi wangeweza kumweka ndani kabla ya Mfadhili. Aliogopa. Kisha akavaa viatu.

"Twendeni kituoni. Nitasema yote, hata nilivyoyashona mabegi."

Ofisa wa polisi aliwasikiliza hadi mwisho. "Mabegi ya wanafunzi hayapekuliwi sana mpakani," alisema. "Unga huu unatengenezwa huku, unauzwa kule, na pesa yake inarudi ikiwa bunduki. Wale wanaoteka mabasi njia kuu wanapata silaha kwa biashara hii hii."

Asubuhi Mfadhili alikuja kuiaga timu, tabasamu hadi masikioni, akakamatwa palepale. Wasichana walisafiri na nguo zao kwenye vikapu vya sokoni.

Basi lilipoondoka, shangazi alimshika Sindano mkono.

"Mwanangu, Mfadhili ana makosa yake, na mimi nina yangu. Nilijua bandi haifungi begi, nikafumba macho kwa kuwa alikuwa mkarimu. Mtu akikupa kazi, halafu hataki uulize ni ya nini, muulize tena. Asipojibu, mrudishie kitambaa chake."