Thelathini na Nne Katikati ya Mkondo

Haesu alipotupa jicho kwenye kioo kidogo cha mashine, alidhani ukungu unamchezea. Akakifuta kwa kiganja. Thelathini na nne. Alitazamia betri iwe na tisini na ushei kwa mia.

Walikuwa botini, katikati ya mkondo. Kisiwa chao kilikwisha kumezwa nyuma, na Kisiwa Kikubwa, chenye zahanati, hakijaonekana mbele. Ilikuwa bamvua, maji yanakupwa kwa nguvu zote kuelekea bahari kuu. Mashine ya umeme, iendayo kimya kama paka, ilisukuma na kusukuma, lakini jiwe jeusi lililochomoza majini lilikuwa ubavuni mwao tangu kitambo. Sasa lilianza kuwatangulia. Walikuwa wanarudi nyuma.

"Mama," alisema, "jana nilichomeka waya wa betri mwenyewe."

Mama mkwe wake, Bibi Malrye, alikaa omo, mbele ya boti, na Gaon kifuani. Mtoto alikuwa wa miezi tisa, na homa ilimlegeza tangu alfajiri.

"Jokofu la kimchi," alisema. "Vichwa mia na ishirini vya kabichi, mama Gaon. Tumetia chumvi, tumepaka pilipili mpaka viuno vikakatika. Niviache viharibike? Na ukichomeka vyote viwili, umeme wa banda unakatika. Nikachomoa wako. Alfajiri nikaurudisha."

"Ndiyo maana niliukuta mahali pake."

"Ndiyo."

Haesu naye alikuwa ameuchomoa waya mbiombio, mtoto akimwunguza mgongo, bila kusoma namba. Kosa hilo lilikuwa na mama wawili.

Akapiga simu kwa walinzi wa pwani. Sauti ya kijana ilimwuliza mahali, idadi ya watu, hali ya mtoto. Kisha ikasema: tutawafikia baada ya saa moja na nusu, ukungu ni mzito, msitoke hapo mlipo.

"Hapa tulipo panasogea," Haesu alimjibu.

Akapunguza mwendo. Aliijua betri yake: ukiikimbiza, inakunywa kama ng'ombe, ukiitembeza, inalamba. Na kwa baridi hii hata kulamba kwenyewe kulikuwa kwa pupa. Thelathini na moja. Kutoka magharibi ulisikika mngurumo mzito usiokoma. Ni pale mkondo unapokutana na mawimbi ya bahari kuu, mahali ambapo boti ya futi kumi na nne kama yao hairudi na watu wake.

"Nanga," alisema Bibi Malrye.

"Kamba ni pima kumi. Hapa kina ni kumi na mbili."

"Basi iongeze. Una nini mgongoni?"

Haesu alijigusa. Mbeleko. Kitambaa kinene chenye mikanda mirefu, alichoshonewa na mama yake mzazi kabla Gaon hajazaliwa. Aliifungua, akaipota, akaiunga kwenye kamba kwa fundo la wavuvi. Bibi akamwingiza mtoto ndani ya kizibao chake cha pamba, ngozi kwa ngozi, akafunga vifungo hadi kidevuni.

"Nanga yenyewe nyepesi," alisema Haesu.

Bibi akavuta kwa mguu mtungi mdogo wa kimchi aliomchukulia muuguzi wa zahanati, maana hakwenda kwa mtu mikono mitupu hata siku moja. Ndani, juu ya kabichi, palikuwa na jiwe la kukandamizia, la mviringo, zito kama kichwa cha ndama. Wakalitia kwenye mfuko wa wavu wa vitunguu, wakalifunga kwenye nanga, wakatosa.

Kamba ilikimbia. Mbeleko nayo ikakimbia, ikakazika, ikalia. Boti ikageuza omo kuyakabili maji. Ikaburuta. Ikashika. Ikaburuta tena.

"Isaidie," alisema Bibi.

Haesu akawasha mashine polepole, kiasi cha kuipunguzia kamba mzigo. Ishirini na mbili. Kumi na tisa. Kila jiwe la nanga lilipokwaruza chini, aliongeza kidogo, lilipotulia, alipunguza. Maziwa yalimjaa hadi yakapenya nguo. Bibi akahamia nyuma kwa Haesu, naye akamnyonyesha Gaon akiwa ameinama juu ya kifua cha mama mkwe wake, mkono mmoja kwenye usukani. Mtoto alinyonya mara nne tano, akaacha.

"Baba mkwe wako alivuka hapa kwa makasia miaka thelathini," alisema Bibi. "Hakuchaji kitu ila tumbo."

"Mwite basi."

"Amelala kaburini kule mlimani. Hana mtandao."

Wote wawili wakacheka, kicheko kifupi, kisha wakaona aibu.

Kumi na moja. Sita. Uzi mmoja wa mbeleko ulikatika, ukaning'inia. Mbili. Kioo kikazima, na hapo Haesu akatambua kuwa muda wote huo hawakutoa sauti yoyote ya kufika mbali. Chombo cha walinzi kingeweza kupita hatua ishirini kutoka hapo, au juu yao.

"Kifuniko," alisema.

Bibi akakipiga kifuniko cha chuma cha mtungi kwa kikombe. Kang, kang, kang. Akapiga mpaka mkono ukafa ganzi, akahamia wa pili. Mngurumo wa magharibi ukajibu. Kisha, kutoka upande mwingine, honi.

Taa za rangi ya chungwa za walinzi zilipotokea, Bibi Malrye hakuacha kupiga. Ilibidi Haesu amshike mkono.

Homa ya Gaon ilishuka siku ya tatu, zahanatini. Walirudi kisiwani kwa kivuko.

Asubuhi yao ya kwanza nyumbani, Haesu alikwenda bandani kutazama betri. Mama mkwe alikuwa amekwisha kufika, mtoto mgongoni, mbeleko ikiwa na kiraka kipya. Nje ya banda palikuwa na mashimo manne mapya ardhini, mitungi ya udongo ya kimchi imezikwa hadi shingoni. Jokofu lilikuwa limefunguliwa mlango, tupu. Kwenye waya wa betri ilifungwa glavu nyekundu ya mpira, ile ya kupakia pilipili, vidole vimetanuka kama mkono unaokataza.

Bibi Malrye aliinama, macho akiyakaza kwenye namba ya betri.

"Nisomee," alisema. "Miwani nimeiacha."

"Mia, Mama."

"Soma tena."

Haesu akasoma tena.