Viatu Vilivyokatwa Nyuma

"Ulimpa nini?" wifi aliuliza. "Sema hapa hapa, watu wasikie. Kaka yangu amekula kwako, amenyanyuka, ameanguka. Ulimpa nini?"

"Chakula. Kile kile nilichokula mimi na mwanangu."

"Mbona ninyi hamkufa?"

Ua mzima uligeuka kutazama. Nyumba zile zilitazamana mlango kwa mlango, kwa hiyo ugomvi wa mmoja ulikuwa sinema ya wote. Aliyekuwa anafua alisimama na povu mikononi. Mwenye nyumba alijifanya anafagia. Alifagia pale pale mpaka karibu atoboe shimo.

Aliyeulizwa alikuwa Mama Pasi. Walimwita hivyo kwa sababu kazi yake ilikuwa kupiga pasi nguo za watu. Mumewe, fundi viatu, alikuwa amezikwa mwezi uliopita. Alikuwa mwembamba kama sindano yake, hanywi wala havuti. Siku ile alimaliza kula, akashika kifua, akasema, "Hebu nifungulie dirisha." Dirisha lilikuwa wazi.

Wifi, dada wa marehemu, alikuwa msusi, na mdomo wake haukuwa na kufuli. Kila kichwa alichokisuka kiliondoka na nywele nzuri na habari mbaya. Siku hizi habari ilikuwa moja tu: chakula cha Mama Pasi kinaua. Siku ya kumaliza msiba Mama Pasi alipika sufuria kubwa. Majirani wakasema wameshiba. Wameshiba wapi, na asubuhi ile ile walikuwa wanapiga miayo? Jioni alimwaga chakula chote.

Lakini hilo halikumuumiza kama la Pekee, bintiye. Siku hizi Pekee hakugusa sahani mpaka mama yake ameze tonge la kwanza.

Jioni ya ugomvi ule, mpangaji wa chumba cha nyuma alipiga hodi. Alikuwa muuguzi wa kliniki ya moyo, na wote walimwita Sista.

"Samahani, mama. Nimefuata viatu vyangu vya kazi. Kama havijashonwa, si neno."

"Ingia utafute mwenyewe, Sista. Mimi meza ya marehemu siwezi kuigusa."

Sista alivipata viatu vyake, vimeshonwa na kupakwa rangi. Ukutani palikuwa na viatu vingine vimepangwa mstari, vya kiume na vya kike. Akashika kimoja, akashika cha pili. Vyote vilikuwa vimekatwa nyuma, mkato wa nusu duara, kingo zimezungushiwa ngozi laini.

"Mbona vyote vimekatwa hivi?"

"Ndivyo viatu vya ukoo wao. Wana kinundu nyuma ya mguu, juu kidogo ya kisigino. Kiatu cha dukani kinawachubua. Mtoto akishakuwa mkubwa, shangazi anampapasa mguu. Akikikuta kinundu, anapiga vigelegele: huyu wetu kabisa. Basi anakatiwa kiatu, na watu wanakula na kunywa."

"Na asiyekuwa nacho?"

"Anataniwa kwamba aliokotwa sokoni. Kaka mkubwa wa mume wangu hana. Wamemcheka mpaka amezeeka."

"Yupo hai?"

"Yupo. Ana wajukuu."

"Na wenye nacho?"

Mama Pasi alifungua mdomo. Baba mkwe. Amu yao, ndugu wa baba mkwe. Mume wake. Wote kifua. Wote kabla ya mvi. "Wamekufa," alisema. "Wote."

Sista alivuta kigoda, akaketi. "Sikiliza, mama. Si kila kinundu ni ugonjwa. Lakini hiki nimewahi kukiona kliniki. Ni mafuta. Damu ya kila mtu ina mafuta yanayoitwa kolesteroli, na ini ndilo linaloyaondoa yakizidi. Kuna watu wamerithi ini lenye milango michache. Mafuta yanabaki yanazunguka tangu utotoni. Yanaganda kwenye mishipa ya moyo. Mengine yanatuna hapo nyuma ya kisigino."

"Mume wangu alikuwa mwembamba."

"Wembamba hauzuii. Hali hii unairithi kama unavyorithi pua. Mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto anaweza kuipata au kuikosa, nusu kwa nusu, kama kurusha sarafu."

"Watu husema magonjwa ya moyo ni ya watu wa mbali. Matajiri."

"Haya ya kurithi yapo kwa kila taifa na kila rangi. Kuna jamii yamezidi, hasa zilizoanza na watu wachache, wakaoana wenyewe kwa wenyewe. Na kuna mahali pengi watu hawapimwi, basi wanadhani hayapo. Wanasema ukoo umelogwa. Au wanamsema aliyepika."

Mama Pasi alitazama mikono yake. "Nilikuwa nakikanda kila usiku. Nakipaka mafuta. Nilikiita cheo chake." Kisha akauliza taratibu, "Dawa ipo?"

"Ipo. Kidonge kila siku, maisha yote."

"Imekuja lini?"

Sista alisita. "Ya zamani, mama."

Mama Pasi aliteremka kwenye kiti, akakaa sakafuni. "Bora ungeniambia ni uchawi," alisema. Sista alisogeza kigoda pembeni. Akakaa naye sakafuni.

Baadaye Mama Pasi alinyoosha kidole kwenye mstari wa viatu. Jozi ya mwisho ilikuwa ndogo, na ngozi yake bado mpya. "Vile ni vya Pekee. Baba yake alimkatia mwaka jana."

"Basi apimwe damu kesho. Na wifi yako pia."

"Wifi abaki na kinundu chake."

"Mama, nimemwona akibeba ndoo. Anapumzika njiani mara mbili."

Usiku ule Mama Pasi hakulala. Moyo mmoja ulimwambia, mwache, atajua hajui. Moyo wa pili ulimkumbusha vigelegele vya huyo huyo wifi alipomshika Pekee mguu. Asubuhi alivuka ua. Wifi alikuwa ameshika kichwa cha mteja na kitana.

"Sasa umehamia kwenye visigino vyetu?" wifi alisema baada ya kumsikiliza. "Umemmaliza mtu, unataka kutukana na ukoo?"

"Nitukane baadaye, nipo. Mwanangu anakwenda kupimwa. Ana shangazi wa kumsindikiza, au hana?"

Wifi aligeukia kichwa cha mteja. Alimaliza msuko, akajifunga khanga, akawafuata.

Majibu ya Pekee yalitoka mabaya. Ya wifi yalikuwa mabaya zaidi, na mishipa ya moyo wake ilikuwa imeanza kuziba. Daktari aliwapa vidonge. Akawaambia wapunguze mafuta ya kukaangia, watembee, wasiguse sigara. "Lakini chakula peke yake hakitoshi kwenu," alisema. "Msiache dawa mkijisikia wazima." Akamgeukia Pekee. "Siku ukitaka kubeba mimba, uje kwanza tuzungumze. Dawa itabidi tuiangalie upya."

Njia nzima ya kurudi wifi alitembea nyuma yao, akitazama miguu ya Pekee. Mlangoni alisema, "Nilimpigia vigelegele."

"Wote tulipiga," Mama Pasi alijibu, akaingia ndani.

Miezi ilipita. Mafuta kwenye damu ya Pekee yalishuka zaidi ya nusu. Ya wifi yalishuka kidogo, akaongezewa kidonge cha pili. Mdomo wake ulibaki bila kufuli, ila sasa kila kichwa alichokishika alikiuliza: "Kwenu kuna aliyekufa ghafla angali kijana? Nenda ukapimwe." Wateja wawili walikwenda. Mmoja alikutwa na hali hiyo hiyo, pamoja na mwanawe.

Huzuni ya Mama Pasi haikupona. Nguo za watu alizinyoosha, usiku wake ulibaki na makunyanzi. Kila jioni alifungua dirisha kabla ya kupakua, hata kama lilikuwa wazi.

Jioni moja wifi alisimama kizingitini.

"Mtoto amemeza dawa?"

"Amemeza."

Wifi hakuondoka. Alitazama sufuria, kisha miguu yake. Nje, mwenye nyumba alianza kufagia. Pekee alikuwa na tonge mdomoni tayari. Hakuwa amemsubiri mama yake.

Mama Pasi alichukua sahani ya tatu.

"Wifi, unasimama mlangoni kama askari. Vua viatu, nawa mikono. Karibu tule."